Mtu Aliyekunywa Maji ya Bwawa

Nianze na kosa langu kabla mwingine hajanisemea: mimi ndiye niliyesema ni soseji. Nilisema kwenye foleni ya duka la dawa, nikasema kwa kinyozi, nikasema kazini wakati wa chai, na kila niliposema niliongeza chumvi. Asubuhi soseji zilikuwa za jana, mchana zikawa za wiki iliyopita, na kufika jioni zilikuwa za nyama ya mnyama ambaye hata sikumtaja. Nilinyanyua nyusi tu, watu wakamalizia wenyewe. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na mdomo na diploma, na watu wakishajua una diploma wanadhani hata matumbo umeyasomea. Mama aliyekuwa akiuza soseji hizo nimeshakwenda kumwomba radhi, naye alinijibu kwa maneno ambayo nikiyaandika hapa karatasi itaungua. Nilistahili. Basi acha nisimulie ilivyokuwa kweli, kama nilivyokuja kuisikia kwa mwenyewe, Fundi Maji.

Fundi Maji alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, ila hata mkewe alishaanza kulisahau. Alifanya kazi kwenye Jumba la Maji, lile jengo kubwa la bati na vioo lenye mabwawa ndani kwa ndani, mitelezo mitatu ya plastiki iliyojipinda kama utumbo, na kidimbwi cha watoto chenye uyoga mkubwa unaomwaga maji kama mwavuli. Nje mvua inyeshe, baridi iume, ndani ni joto mwaka mzima, joto kama la kinywani mwa mtu aliyelala mdomo wazi. Watu walikuja kwa ajili ya joto hilo. Fundi Maji alikuwa amelivuta puani miaka kumi na moja na alijua limetengenezwa na nini.

Wageni wakiingia tu, harufu kali ya dawa inawachoma macho, nao wanavuta pumzi kwa furaha na kuambiana kwamba hapa pasafi kweli, si unasikia dawa? Fundi Maji alikuwa anatabasamu. Angewaambia nini? Kwamba klorini ikiwa kwenye maji safi hainuki hivyo? Kwamba inanuka ikishakutana na jasho na mkojo wakapigana, na mnuko ule ni moshi wa vita? Pua ikiwasha sana, jua wamekojoa sana. Wale waliokuwa wakisifia usafi walikuwa wanasifia mikojo ya wenzao, na kidogo ya kwao.

Kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kufungua kikapu cha pampu, pale ambapo takataka hunaswa kabla maji hayajaingia kwenye chujio. Humo alikuta nywele za watu mia tatu zimejisokota kama panya aliyekufa juzi, zimeshikana kwa ute wa kijivu. Alikuta plasta za vidonda zikiwa bado na alama ya kidonda. Kucha za bandia, na siku moja kucha isiyo ya bandia. Jino la mtoto. Pamba iliyotoka kwenye sikio la mtu, na ilionyesha imetoka sikioni. Anavaa glavu, anang'oa, anatupa kwenye ndoo, inatoa sauti ya chwa. Halafu anavua glavu na kula mkate wake. Alizoea kumwambia mkewe kwamba kinyaa ni cha mgeni, mwenyeji hana.

Na alikuwa na jambo moja la kujivunia, nalo ni glasi. Saa tatu asubuhi, milango ikifunguliwa, Fundi Maji alisimama ukingoni mwa bwawa kubwa na kijichupa chake cha kupimia. Anatia maji, anatia matone mawili matatu, maji yanageuka waridi, anawaonyesha watu. Kisha anachukua glasi safi, anachota palepale bwawani, na kunywa mpaka chini. Ilianza kama utani kwa mgeni mmoja mlalamishi. Meneja akaiona, akaipenda, akaifanya ratiba. Wakampiga picha ameinua glasi, wakaibandika mlangoni kubwa kama dirisha: KAMA YEYE ANAKUNYWA, WEWE OGELEA. Watoto walimpigia makofi. Ukweli ni kwamba saa tatu maji yalikuwa hayajaguswa na mtu tangu jana yake na chujio limezunguka kwa zaidi ya saa kumi. Yalikuwa na ladha ya shilingi iliyolambwa, lakini hayakudhuru. Kufika saa nane mchana Fundi Maji mwenyewe asingetia humo hata kidole cha mguu, ila hilo halikuandikwa kwenye picha.

Jumamosi yenyewe alikuwa amealika wa kwao. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nao wiki mbili, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuja na binti yake wa miaka sita ambaye ukoo mzima ulimwita Bi Kwanini. Mtoto huyo ukimjibu swali moja linazaa mapacha. Kwa nini maji ni ya bluu na kwenye glasi si ya bluu? Kwa nini uyoga haulowi? Baba mkubwa, kwa nini wewe huogelei? Fundi Maji alimjibu yote isipokuwa hilo la mwisho. Mama mkwe akakaa ukingoni mwa kidimbwi cha watoto, akapandisha gauni mpaka kwenye vifundo tu, maana mkwe wake yupo, akatumbukiza miguu, na joto lilipomzidi akawa anachota maji kwa kiganja na kunawa uso.

Saa nane na nusu kipenga kikalia upande wa kidimbwi.

Sasa nisamehe, kama unakula weka sahani pembeni. Uchafu wa mtoto ukiwa mgumu, unachotwa kwa wavu na maisha yanaendelea. Huu haukuwa mgumu. Ulikuwa uji. Ulitoka kwenye nepi iliyolegea ya mtoto wa mwaka na kitu, ukafunguka majini kama wingu la manjano, pampu ikauvuta, uyoga ukaunyanyua na kuumwaga tena juu kwa hisani yake yote, kwa watoto kumi na wawili waliokuwa chini wamefungua midomo. Mama wa yule mtoto alimkwapua na kuondoka haraka bila kumtazama mtu usoni, na nyuma yake kwenye vigae kukawa na matone yanayoonyesha alikopita. Mwanamume mmoja alitapika kwenye taulo lake. Mwingine alicheka, halafu akajilamba midomo, halafu akaacha kucheka.

Fundi Maji alijua la kufanya, maana sheria ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha pampu na aliyeibandika ni yeye. Uchafu ukiwa mgumu, nusu saa. Ukiwa wa kuendesha, watu wote nje, dawa inapandishwa mara nyingi, na bwawa linafungwa zaidi ya siku nzima, kwa sababu kuna kijidudu kimoja chenye ganda ambacho kwenye dawa ya kawaida kinaogelea kama wewe, tena bila kulipa kiingilio. Na Jumba lote lilikuwa na pampu moja. Ukifunga kidimbwi umefunga kila kitu.

Meneja akaja. Alikuwa mtu wa tai na kandambili, tai kwa ajili ya wageni na kandambili kwa ajili ya sakafu, na ulimsikia akija kabla hujamwona, chap, chap, chap. Fundi Maji alimwambia wafunge mpaka Jumatatu. Meneja alimuuliza kama anajua leo kuna sherehe ngapi za kuzaliwa humu ndani, na mabasi mangapi ya shule. Akasema kile kilikuwa maziwa tu, mtoto wa umri ule anakula nini zaidi ya maziwa. Chota kinachoonekana, mwaga ndoo ya dawa, baada ya nusu saa watu warudi.

Akachota. Hebu wewe niambie uji unachotwaje kwa wavu. Alichofanya Fundi Maji ni kuukoroga. Akamwaga dawa, mnuko ukapanda mpaka watu wakakohoa, na nusu saa ikapita. Lakini hakuna aliyerudi majini. Walisimama ukingoni wamejifunga mataulo, wameziba pua, wanatazamana, kila mmoja anamsubiri mwenzake awe mjinga wa kwanza.

Ndipo Meneja akachukua kipaza sauti. Akasema mnamjua huyu bwana, mmemwona mlangoni. Akasema leo glasi itanywewa mara mbili. Na kwa kidole akaonyesha pa kuchota, kwenye kidimbwi chenyewe.

Angeweza kukataa. Hilo Fundi Maji mwenyewe hulisema kwanza kabla hujamuuliza. Lakini watu mia mbili wanamtazama, mama mkwe anamtazama, shemeji anamtazama, na Bi Kwanini anawaambia watoto wenzake, kwa sauti ambayo hata viziwi waliisikia, kwamba yule ni baba mkubwa wake yeye, si wao. Akachota. Maji yalikuwa na ukungu kama yaliyooshewa mchele, na kitu kidogo, uzi au kitu kingine, kilikuwa kinazunguka ndani polepole. Akapeleka mdomoni. Akayajaza yote, akafunga midomo, akapandisha koo na kulishusha kama mtu anayemeza, mara tatu, akainua glasi tupu.

Makofi.

Akatembea, hakukimbia, mpaka chumba cha pampu, akafunga mlango, akatema kwenye bomba la maji machafu. Akasukutua kwa soda. Akajikwangua ulimi kwa kitambaa cha mkono mpaka ukauma. Akatema, akatema, mpaka mate yakakauka na bado akawa anatema hewa. Nje akasikia watu wanarudi majini, pwaa, pwaa, pwaa. Mlio wa kwanza kabisa ulikuwa mdogo, wa mtu mwepesi, na aliutambua.

Ungedhani angetoka mbio kumwopoa mtoto. Alikaa juu ya ndoo. Alijiambia dawa ni nyingi leo. Alijiambia huenda kweli yalikuwa maziwa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi shahidi. Kisha akafungua daftari la maji, mahali pa saa nane na nusu, akaandika: hali ya kawaida.

Siku ya tano ndipo matumbo yalipofunguka.

Nyumba ya Fundi Maji ina choo kimoja na mlango wake haushiki kitasa, kwa hiyo aliye ndani huwa anaimba ili wa nje ajue. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuimba. Mama mkwe ni mtu ambaye katika miaka kumi na tisa ya ndoa hiyo mkwe wake hakuwahi kumwona hata akipiga miayo. Sasa alimkuta kwenye korido alfajiri, ameegemea ukuta kwa paji la uso, na chini yake sakafu imelowa. Mnuko haukuwa wa choo cha kawaida. Ulikuwa wa kitu kilichochacha ndani ya mtu aliye hai.

"Mkwe wangu," alisema bila kugeuka, "usiniangalie."

Hakumwangalia. Alitoka nje akasimama uani kama mwizi, akamwacha mkewe aje na ndoo. Miaka kumi na moja ya kung'oa panya wa nywele, na siku hiyo tumbo lilimpanda mpaka kooni. Kumbe kinyaa kinamjua mwenyeji pia.

Mjini ilikuwa hivyohivyo nyumba kwa nyumba. Shule moja ilifunga madarasa matatu. Zahanati ziliweka ndoo kwenye korido, watu wakazikalia mbele ya watu, wanaume wazima wenye tai, wanalia. Dukani sabuni zikaisha. Na watu, tukiongozwa na wenye diploma, tukaamua ni soseji. Mama Soseji alikuwa na kibanda chake nje ya geti la Jumba la Maji, kila aliyetoka kuogelea alitoka na njaa, na alipopita hapo alinunua. Ilitosha. Walimvunjia kioo, wakampakia kinyesi mlangoni, si neno la kupamba, kinyesi hasa, na kibanda kikatiwa kufuli la serikali.

Wakati huo Meneja alishafunga Jumba kwa muda, akamwaga maji yote, akasugua vigae, akajaza mapya. Afisa afya alipokuja kupima, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye viatu vya mtu anayetembea sana, alikuta maji yanayomeremeta kama macho ya mchumba. Akapima hiki, akapima kile, hakuna kitu. Akasoma daftari: hali ya kawaida. Lakini hakuondoka. Alisema kinachomsumbua ni kwamba chakula kibovu hakimsubiri mtu siku tano, kinamkamata usiku uleule. Akauliza kama Jumamosi ile hakukutokea chochote majini.

Meneja alimvuta Fundi Maji kwa bega akamsimamisha mbele ya yule mama kama ng'ombe wa mnadani. Akasema huyu alikunywa glasi nzima mchana wa siku hiyo, mbele ya watu mia mbili, waulize. Mtazame. Tumbo lake limewahi kuuma? Halijawahi.

Afisa akamtazama machoni. "Ulikunywa?"

"Nilikunywa," akasema Fundi Maji.

Akaandika. Afisa akasema ripoti yake ataifunga Ijumaa, na kama hakuna jipya Jumba lifunguliwe Jumamosi. Meneja akamsindikiza, chap, chap, chap. Fundi Maji akabaki anatazama bwawa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, wanasema, ila yeye aliyavulia nguo akawaogesha wengine.

Mama mkwe alipata nafuu siku ya nne, amekonda, anaona haya kukaa hata sebuleni. Bi Kwanini hakupata. Siku ya nane ya kuugua kwake alikuwa hospitali, kitanda cha dirishani, mrija mkononi, macho yamezama, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Walimfunga nepi, mtoto wa miaka sita, na kila baada ya muda mfupi kilitoka kitu ambacho hakikuwa tena kinyesi, ni maji ya kijani yenye ute, na chumba kizima kikageuza uso. Alhamisi mchana Fundi Maji alikwenda na mkewe kumwona. Alisimama miguuni mwa kitanda, akasubiri swali. Mtoto alimtazama, akafumba macho.

Shemeji alikuwa anafunga mashuka machafu kwenye beseni. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi. Daktari akaingia, kijana mwenye macho ya watu wasiolala, akasoma karatasi iliyoning'inia kitandani, akasema yale ambayo alikuwa ameshayasema jana. Dawa ya sumu ya chakula waliyompa haisaidii. Choo chake wamepima kwa kawaida, hawakuona mdudu. Kuna wengine wanaotafutwa kwa kipimo chao maalumu, na hicho maabara hawakifanyi ovyo, lazima awaambie anatafuta nini. Akasema ingekuwa ni maji machafu angejua pa kuanzia, na dawa yenyewe ni tofauti. Lakini ameuliza mpaka kwa afisa afya, na ameambiwa maji hayana neno, kuna mtu aliyekunywa.

"Ndiye huyu," akasema shemeji, akionyesha kwa kidevu kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. "Shemeji yangu. Mzima kama unavyomwona."

"Huyo ana tumbo la chuma," akasema mama mkwe kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya kumwonea fahari. Ndilo neno la kwanza alilolisema kumhusu mkwe wake tangu ile alfajiri ya kwenye korido.

Fundi Maji ananiambia kwamba alitaka sana wakati huo aanze kuumwa. Angehara pale pale mbele ya wakwe, angeshukuru. Ingekuwa rahisi kuliko kufungua mdomo. Alimtazama daktari, akawatazama wale wanawake watatu, mkewe, mama mkwe, shemeji, na kesho ni Ijumaa.

"Sikunywa," akasema. "Niliyatema."

Daktari aliinua kichwa. Fundi Maji akaeleza, akimwambia daktari peke yake, maana upande wa pili hakuweza kutazama. Uji wa manjano. Uyoga. Wavu. Nusu saa badala ya siku nzima. Pampu moja. Alivyojaza mashavu na kupandisha koo. Daftari alivyoliandika kwa mkono wake. Alieleza mpaka kile kiuzi kilichokuwa kinazunguka kwenye glasi, ambacho daktari hakukihitaji, lakini kilikuwa kimemkaa, kikatoka na vingine.

Daktari hakumlaumu. Alitoa simu, akampigia afisa afya, akampa azungumze mwenyewe. Fundi Maji akatoka kwenye korido akarudia yote tangu mwanzo, huku wauguzi wanapita na ndoo. Afisa hakushangaa. Alimuuliza tu kama yuko tayari kuweka sahihi, akasema yuko tayari. Aliposhusha simu, daktari alishaelekea maabara, anatembea haraka, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayejua anakokwenda.

Kufika jioni Jumba la Maji lilikuwa limetiwa kufuli la serikali, na lile la kibanda cha soseji likafunguliwa. Meneja alimtumia ujumbe wenye neno moja ambalo si la kuandika. Ijumaa saa nne maabara wakakiona kile kijidudu chenye ganda, kwa mtoto huyu na kwa wengine thelathini, na Bi Kwanini akaanzishiwa dawa nyingine. Daktari alisema hawezi kuahidi, amechelewa kuipata, lakini sasa angalau wanampiga adui anayestahili kupigwa.

Mchana Fundi Maji akaenda hospitali peke yake. Mkewe alikuwa ametangulia, usiku hakusema naye, alilala amegeukia ukuta. Aliwakuta wote watatu. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza. Akasimama karibu na mlango, kofia mkononi.

Shemeji akasema, bila hasira, kama anayeuliza saa, "Ulimsikia akiingia majini?"

"Nilimsikia."

"Ukajua ni yeye."

"Nilijua."

Shemeji akaitika kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa na hesabu ikagoma na sasa imekubali. Mama mkwe aligeuza uso dirishani. Mtoto alikuwa macho, ameangalia juu, mrija unadondosha tone, tone. Kisha ukasikika mlio chini ya shuka, mlio wa maji, na mnuko ule ule ukainuka ukajaza chumba. Mgonjwa wa kitanda cha pili akafunika pua kwa mto.

Wanawake wakainuka bila kuambiana. Mmoja akamnyanyua mtoto, mmoja akavuta shuka, mmoja akatandika jipya, na lile chafu likaenda kwenye beseni juu ya mengine manne, mazito, ya kijani, yanatiririka pembeni. Fundi Maji akameza kinyaa, safari hii kweli. Akavua koti, akakunja mikono ya shati mpaka viwikoni, akapiga hatua moja mbele.

"Shemeji," akasema. "Mama. Naomba mnipe hayo mashuka nikayafue."

Shemeji alikuwa anamfuta mtoto mgongo. Mama mkwe alikuwa anatazama dirishani. Mkewe alishika beseni kwa mikono miwili.

"Naomba," akasema tena.